Jinsi ya kumlea kiwavi wa matembele mpaka awe nondo, na kumtambua kwa sura yake

Mwongozo huu nimewaandikia watu waliokwisha kujaribu wakashindwa. Tangu mvua zinapoanza mwezi wa tisa, watu huniletea chupa za plastiki kutoka Bagira na Panzi, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, na kutoka vijiji vya Kabare, na yaliyomo ndani hayabadiliki: ama kiwavi mnene mwenye pembe nyuma, amekufa na kuwa mweusi, ama nondo hai ambaye mabawa yake yamekunjamana kama gazeti lililolowa. Mwenye chupa huuliza huyu ni mdudu gani. Mzoga ulioanza kuoza haunisaidii kumjibu, na mabawa yaliyokunjamana hayanisaidii pia, kwa sababu alama zinazomtambulisha nondo huyu ziko kwenye mabawa, tumbo na mrija wa kunyonyea, na ni lazima zionekane zikiwa zimenyooka na magamba yake, yaani ule unga wa rangi ulio juu ya mabawa, hayajapukutika.

Nondo mwenyewe ni Agrius convolvuli, wa familia ya Sphingidae, yaani wale nondo wakubwa wenye mwili uliochongoka, ambao hunyonya maua wakiwa wanaelea hewani bila kutua. Anaishi katika sehemu kubwa ya Afrika, na pia Ulaya, Asia na Australia. Hapa Bukavu mahali pa kumtafuta ni kwenye viazi vitamu, ambavyo majani yake tunayapika kama matembele.

Karibu wote walioshindwa walikuwa wamelisha vizuri. Walipotea pale kiwavi alipoacha kula, wakadhani anaumwa. Na wachache waliovuka hapo walipotea pale nondo alipotoka asipate kitu cha kupanda. Kwa hiyo nimeandika kwa urefu hatua ya nne na ya sita. Zisome kabla hujaenda shambani, maana vifaa vyake vinapaswa kuwa tayari mapema.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Chombo cha kulishia kinaweza kuwa bidoni ya plastiki ya lita 5 iliyokatwa sehemu ya juu, ikafunikwa kwa kipande cha chandarua na kufungwa kwa mpira. Bidoni ya namna hiyo inawatosha viwavi watatu. Ile iliyowahi kubeba dawa ya shambani au mafuta ya gari isitumike, hata ukiiosha mara kumi.

Ndoo ya udongo iwe ya lita 10, na udongo wenyewe uwe na kina cha sentimeta 15. Chukua udongo mwepesi wa bustani, uchanganye na mchanga, uchekeche ili kuondoa mawe na mizizi, kisha uukaange katika sufuria kuukuu mpaka upate moto kote, halafu uuache upoe usiku kucha. Moto huo huua siafu, mayai ya wadudu wengine na sehemu kubwa ya ukungu. Udongo wa mfinyanzi, ambao umejaa kwenye vilima vyetu, haufai peke yake, kwa kuwa ukikauka huwa kama tofali na nondo hawezi kuupasua.

Kizimba cha nondo ni fremu ya vijiti yenye sentimeta 40 kila upande, iliyozungushiwa chandarua. Ndani yake, ukuta mmoja ufunikwe kwa kitambaa cha gunia kuanzia chini kabisa mpaka juu. Gunia hilo wengi huliona kama pambo. Ndilo litakaloamua kama mabawa yatanyooka au hayatanyooka.

Ongeza magazeti ya zamani, brashi laini ya rangi, kopo dogo lenye mfuniko, rula ya milimita, daftari, na simu yenye kamera. Tafuta pia vikopo vinne vya kutia maji na kuvisimamishia miguu ya meza, kwa sababu sisimizi wakigundua mahali alipo pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo, watammaliza usiku mmoja.

## Hatua ya 1: Kumpata kiwavi aliye sahihi

Omba ruhusa kwanza. Mtu anayeinamainama katika shamba lisilo lake hudhaniwa kuwa mwizi wa matembele. Siku moja nilimwambia mama mmoja wa Kabare, "Jambo, mama. Samahani, naomba kutafuta vidudu kwenye viazi vyako." Alicheka, akanijibu, "Chukua vyote, mwanangu, na usirudishe hata kimoja."

Nenda alfajiri au jioni. Kiwavi aliyekua hujificha mchana chini ya majani, karibu na udongo, na rangi yake humfanya apotee machoni hata ukiwa umemkaribia kwa mkono mmoja. Kwa hiyo usianze kwa kumtafuta yeye. Tafuta kinyesi chake. Ni vipande vikavu vya rangi nyeusi au kijani kizito, vyenye mifereji, na kwa kiwavi mkubwa huzidi punje ya pilipili manga. Juu ya kinyesi hicho utaona majani yaliyoliwa kuanzia ukingoni yakabaki na uti wa katikati. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia wa sita hadi wa nane, tafuta kwenye mabonde yenye unyevu ambako viazi hupandwa wakati vilima vimekauka.

Kiwavi sahihi ana ngozi laini isiyo na manyoya wala miiba, na ana pembe moja iliyopinda juu ya sehemu ya nyuma ya mwili. Akikomaa hufikia urefu wa karibu sentimeta 10 na unene wa kidole. Wapo wa kijani wenye mistari ya mshazari ubavuni, na wapo wa kahawia au karibu weusi. Hao wote ni spishi moja. Watu wengi wameniletea wa kijani na wa kahawia katika vyombo viwili vyenye majina tofauti, na baadaye wakatoka nondo wasiotofautiana.

Pembe hiyo haichomi wala haina sumu. Viwavi wa kuogopa ni wenye manyoya, ambao wanaweza kuwasha ngozi, na hao si wa familia hii.

Kiwavi anayewapotosha wengi ni wa kipepeo Acraea acerata, ambaye ndiye anayewasumbua wakulima wa viazi vitamu wa ukanda huu zaidi kuliko nondo wetu. Huyo ni mdogo, mweusi-kijani, ana miiba laini yenye matawi mwili mzima, hana pembe ya nyuma, na akiwa mchanga huishi kwa makundi ndani ya utando kwenye majani. Ukikuta viwavi ishirini kwenye jani moja, waache. Agrius hutaga yai moja moja, na kila kiwavi wake hukaa peke yake. Kama umemwona kiwavi mwenye pembe kwenye viazi ulaya badala ya viazi vitamu, mtazame vizuri zaidi: pembe yenye chunusi iliyojipinda kama herufi S ni ya Acherontia atropos, nondo mwingine kabisa ambaye tutamtaja mbele.

Chagua viwavi watatu wenye urefu wa sentimeta 2 hadi 4. Najua mkubwa anavutia zaidi, tena anaonekana atakupunguzia kazi ya kulisha, lakini kadiri kiwavi alivyokaa shambani muda mrefu ndivyo anavyozidi kuwa hatarini ya kutagiwa mayai na nzi au nyigu ambao watoto wao humla kutoka ndani. Ukiona vidoa vyeupe kama vipunje vimegandamana nyuma ya kichwa chake, mwache palepale.

Usimbandue kwa vidole. Kiwavi hujishika kwa miguu yenye kulabu, na ukimvuta unaweza kumchana. Kata kipande cha jani au shina alilolishika, umchukue pamoja nacho.

## Hatua ya 2: Kumweka ndani

Tandika gazeti chini ya bidoni, weka shina lenye majani, na funika kwa chandarua. Weka chombo mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua, mbali na moshi wa makaa na mbali na dawa ya mbu.

Hatari kubwa hapa ni unyevu uliofungiwa. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kando ya Ziwa Kivu, na usiku wake huwa wa baridi; ukifunika chombo kwa plastiki, matone ya maji yatajitokeza ukutani kabla ya asubuhi, kinyesi kitalowa, na vijidudu vya ugonjwa vitazaliana. Ukiona ukuta wa bidoni umelowa, ongeza hewa mara moja. Mambo yakiwa sawa, gazeti litakuwa kavu asubuhi na kinyesi kitaviringika ukiinamisha chombo.

## Hatua ya 3: Kumlisha mpaka akomae

Mpe matembele mabichi kila siku, na uondoe ya jana hata kama hayajaisha. Majani yatoke shamba ambalo una hakika halikupuliziwa dawa. Matembele ya sokoni, iwe ni soko la Kadutu au jingine, ni mazuri kwa chungu, lakini muuzaji mara nyingi hajui mkulima alipulizia nini, na kiasi cha dawa ambacho hakimdhuru mtu kinaweza kumuua kiwavi kwa saa chache. Aliye na kiwanja kidogo na apande mashina matano ya viazi vitamu mwezi mmoja kabla, na tatizo hili litakuwa limekwisha.

Osha majani, yakung'ute, yaache yakauke kabla ya kuyaweka. Ukitaka yadumu, tia shina ndani ya kopo la maji lenye mfuniko uliotobolewa tundu linaloenea shina lenyewe tu. Kopo lililo wazi ni kisima cha kuwazamisha viwavi.

Kiwavi hubadilisha ngozi mara nne na kupita vipindi vitano vya ukuaji. Kabla ya kila badiliko huacha kula, hujishikiza mahali pamoja, huinua kichwa na kutulia kwa siku nzima au zaidi. Wakati huo usimguse wala usimhamishe, kwa kuwa ngozi ya zamani inashikiliwa na kulabu zilizofungwa kwenye uzi aliousuka juu ya jani; ukimng'oa atakosa mahali pa kuvutia ngozi hiyo na ataweza kufia ndani yake. Kama jani alilolishikilia limenyauka, kata kipande kinachomzunguka na ukiweke juu ya jani bichi.

Katika kipindi cha tano hula kwa namna itakayokushangaza. Kiwavi ambaye wiki iliyotangulia alitosheka na jani moja sasa atamaliza shina zima kwa usiku mmoja. Kwa hali ya hewa ya Bukavu, tarajia wiki tatu hadi tano kutoka yai mpaka hapo. Mpime urefu kila baada ya siku tatu na uandike. Daftari hilo litakuonyesha mapema kuliko macho kwamba mmoja ameacha kukua.

Kiwavi aliyelegea, akaning'inia akiwa mweusi na anatoa majimaji yenye harufu, hatapona. Mtoe, umzike mbali, osha chombo kwa sabuni na ukianike juani kabla ya kuwarudisha wenzake.

## Hatua ya 4: Kumpa udongo siku ileile anapouhitaji

Siku moja utamkuta kiwavi wako mnene hali tena. Rangi yake imefifia au mgongo umekuwa na weusi, ametoa kinyesi kikubwa chenye majimaji, na anazunguka sakafuni bila kupumzika, akisukuma pembe za chombo kwa kichwa. Hapa ndipo watu wanapomletea majani mapya, wanapomnyunyizia maji, au wanapomtupa wakidhani amepata ugonjwa.

Haumwi. Anatafuta udongo. Spishi hii haijengi kifukofuko cha nyuzi juu ya tawi. Kiwavi huchimba chini, husukuma udongo kwa mwili wake mpaka apate chumba chenye kuta laini, na humo ndimo anapogeuka kuwa pupa. Akinyimwa udongo ataendelea kuzunguka mpaka nguvu zimwishie, kisha atajaribu kugeuka juu ya plastiki tupu, ambapo ngozi hunasa, na pupa hutoka amepinda au amepasuka.

Mhamishie kwenye ndoo siku hiyohiyo. Udongo uwe na unyevu wa kadiri, na kipimo chake ni hiki: ukiufumbata mkononi ushikamane, ukiugusa kwa kidole umeguke, na ukiukamua lisitoke tone. Udongo mkavu humkausha, na uliolowa humwozesha. Mweke juu ya udongo, funika ndoo kwa chandarua, na uisogeze mahali penye giza. Kwa kawaida huzama ndani ya saa chache. Kama baada ya siku nzima bado anatembea juu, angalia tena unyevu, na ugandamize udongo kidogo kwa kiganja, kwa sababu udongo uliolegea mno hubomoka kabla chumba hakijasimama.

Weka kiwavi mmoja katika kila ndoo, au wawili wakizidi. Anayechelewa kuchimba anaweza kukibomoa chumba cha aliyetangulia.

Kisha usichimbe. Nalirudia hili kwa sababu mimi mwenyewe nililivunja. Kiwavi wangu wa kwanza kufika hatua hii nilimfukua siku ya nne, kwa udadisi tu, nikamkuta amelala bila kusogea, amefupika, ngozi imelegea. Nilipomrudisha udongoni chumba chake kilikuwa kimebomoka, na hakupata nguvu ya kujenga kingine. Andika tarehe juu ya ndoo, na uhesabu siku 14. Katika siku hizo kazi yako ni kunyunyiza maji kidogo sana pembeni ya ndoo ikiwa udongo wa juu umekauka.

## Hatua ya 5: Kumkagua pupa

Siku ya kumi na tano mimina udongo taratibu juu ya gazeti, ukiutenganisha kwa brashi. Pupa mzima ana rangi ya kahawia yenye wekundu, ni mgumu, ana urefu wa takriban sentimeta 5 hadi 6, na ukimgusa hutikisa tumbo. Ikiwa bado ni laini na ana rangi ya kijani au njano, amechelewa. Mfunike kwa udongo uleule na usubiri siku tano zaidi.

Sasa mtazame upande wa kichwa. Utaona kitu kama mkono wa jagi, kilichotoka mbele, kikajikunja na kurudi kuelekea kifuani. Hiyo ni ala ya mrija wa kunyonyea. Mrija wa nondo huyu ni mrefu kiasi kwamba haukai ndani ya mwili wa pupa, ukalazimika kujengewa nafasi nje. Pupa wa Acherontia, ambaye mrija wake ni mfupi, hana mkono huo. Mpige picha ya ubavu, na usimshike kamwe kwa mkono huo wa jagi, kwa sababu ukivunjika nondo atatoka na mrija usiofaa.

Mlaze kwenye kizimba juu ya udongo wenye unyevu wa kina cha sentimeta 3, karibu na ukuta wa gunia, na umfunike kwa kipande chembamba cha gamba la mti. Atakaa wiki mbili hadi nne, na katika baridi ya mwezi wa sita au wa saba anaweza kupita hapo. Maadamu ni mzito mkononi na hutikisa tumbo, yu hai. Aliyekuwa mwepesi kama ganda la karanga amekufa, au ametobolewa na nzi waliokuwa ndani yake tangu shambani.

## Hatua ya 6: Usiku wa kutoka

Siku mbili au tatu kabla ya kutoka, pupa huwa mweusi, na ukimmulika utaanza kuona michoro ya mabawa kupitia ganda. Kuanzia hapo hakikisha mambo mawili: gunia liguse udongo bila pengo, na juu ya pupa kuwe na nafasi tupu isiyopungua sentimeta 25.

Sababu ni hii. Nondo hutoka, mara nyingi jioni au usiku, akiwa na mabawa madogo, laini na yaliyokunjwa, yasiyozidi ukucha wa kidole gumba. Hutambaa kwa haraka kutafuta kitu cha kupanda, kisha hujining'iniza ili mabawa yaelekee chini, na kuanza kusukuma damu yake ndani ya mishipa ya mabawa hayo. Yananyooka kwa muda wa karibu nusu saa, halafu huhitaji saa kadhaa kukauka na kukakamaa. Asipopata mahali pa kukwea katika muda huo, yatakauka yakiwa yamekunjamana, na hakuna dawa. Ukuta wa plastiki au wa bati hautoshi, kwa kuwa kucha zake huteleza. Wale wote walioniletea nondo wenye mabawa yaliyojikunja walikuwa wamewaacha ndani ya chupa.

Usimsaidie kutoka kwenye ganda, wala usiyanyooshe mabawa kwa vidole. Usimmulike kwa tochi muda mrefu, maana atajirusha kabla hajakauka. Kama sakafuni kuna majimaji ya rangi nyekundu au kahawia, si damu. Ni taka alizozihifadhi alipokuwa pupa, na kila nondo huzitoa. Hatua hii imefaulu ukimkuta asubuhi ametulia kwenye gunia, mabawa yote manne yamelala laini kama paa la nyumba juu ya mwili.

## Hatua ya 7: Kuisoma sura yake asubuhi ya kwanza

Asubuhi hiyo ndiyo saa ya kumtambua. Mwili bado una baridi, hawezi kuruka kwa urahisi, na magamba yote yapo. Nondo aliyeokotwa chini ya taa ya barabarani huwa amejigonga usiku kucha. Rangi zake zimepukutika, na watu humwita wa kijivu tu kwa sababu hakubaki na kingine.

Mpandishe juu ya kijiti, umweke kwenye karatasi nyeupe kivulini karibu na dirisha, na uweke rula pembeni. Anza na jumla yake. Upana wa mabawa yakiwa yamefunguka huwa mara nyingi kati ya milimita 80 na 120. Mabawa ya mbele ni marefu, membamba, yenye ncha, ya kijivu kilichochanganyika na michirizi myeusi na myeupe kama gome la mti kavu. Akiwa ametulia utaona hayo tu, na watu wengi huishia hapo.

Mguse kwa brashi ubavuni, polepole. Atainua mabawa, na tumbo litafunuka: katikati ya mgongo kuna mstari mpana wa kijivu unaoteremka mpaka mwisho, na kila upande wa mstari huo kuna mikanda ya waridi iliyotengwa kwa mikanda myeusi, pingili kwa pingili. Ndiyo alama ninayoitegemea kuliko zote. Sogeza bawa la mbele kwa brashi uone la nyuma. Ni la kijivu lenye mikanda meusi iliyovuka, bila njano yoyote.

Mrija umejiviringa chini ya kichwa kama utepe wa kupimia. Ukinyooshwa hupita urefu wa mwili wake mwenyewe, lakini sikushauri uunyooshe. Picha ya pupa wako mwenye mkono wa jagi ni ushahidi wa kutosha. Kuhusu jinsia, dume ana vipapasio vinene zaidi, na michoro myeusi ya mabawa yake ya mbele imekolea. Jike ana vipapasio vyembamba, na rangi yake ni tulivu zaidi.

Sasa mlinganishe na wale wanaochanganywa naye. Acherontia atropos ana mchoro unaofanana na fuvu la mtu juu ya kifua, mabawa ya nyuma ya njano, na mrija mfupi mnene. Tena akisumbuliwa hutoa mlio mkali, jambo ambalo limemfanya aogopwe na wengi bila sababu, kwa kuwa anayeweza kumlalamikia ni mfugaji wa nyuki tu, ambaye nondo huyo huingia mizingani mwake kunyonya asali. Coelonia fulvinotata ndiye anayemkaribia zaidi kwa umbo na kwa kijivu cha mabawa ya mbele, lakini ana njano kwenye shina la mabawa ya nyuma, na pia ana madoa ya njano ubavuni mwa tumbo. Ndiyo maana nikasema usiache kulifunua bawa la nyuma. Hippotion celerio ni mdogo na mwembamba, ana mstari wa rangi ya fedha kwenye bawa la mbele na waridi kwenye bawa la nyuma badala ya tumboni. Daphnis nerii ni wa kijani, na akishaonekana mara moja hachanganywi tena na mwingine.

Piga picha tatu: ya juu akiwa ametulia, ya tumbo lililofunuka, na ya bawa la nyuma. Usitumie mwako wa simu, maana huibadilisha waridi kuwa nyeupe. Picha moja ya juu, ambayo ndiyo kila mtu hunitumia, haitoshi kumtofautisha na Coelonia.

## Hatua ya 8: Kumwachilia na kusafisha

Mwachilie jioni ya siku hiyo au ya pili, giza linapoanza. Mchana ndege watamwona kabla hajapata maficho. Atatetemesha mabawa kwa dakika kadhaa kabla ya kuruka. Hapati kifafa, bali anapasha misuli moto, na kwa jioni zetu za baridi huchukua muda zaidi.

Chagua mahali penye maua marefu yenye umbo la tarumbeta, au maua ya tumbaku au petunia, mbali na taa. Kama ni jike, mpeleke mbali na shamba ulilomtoa. Nondo mmoja hawezi kumfilisi mkulima, lakini yule mama wa Kabare aliniambia wazi nisirudishe, nami naona ni haki yake.

Udongo uliotumika usiurudie kwa kiwavi mwingine. Umwage bustanini, sugua ndoo, bidoni na brashi kwa sabuni, na uvianike juani siku mbili. Gunia lichemshwe.